Mama yako amekataa kushuka mulima

Papa Neema mupenzi,

Unisamehe kama nimekawia kukuandikia. Mutoto akilia siandike. Mutoto akilala, mimi pia nalala. Na nisikudanganye: nilikuwa nangojea wewe njo uandike kwanza. Nimechoka kungojea.

Habari ni hii. Sisi tuko hapa Kashuga, ku kampi ya wakimbizi, mimi na Neema na kadogo kako ka kunyonya. Lakini mama yako alibakia ku mulima ya Kalembe, na mulima imeanza kupasuka. Mama Riziki, jirani yetu, ametoka kule. Anasema juu ya nyumba kuko mupasuko unaweza kuingiza mukono mpaka ku kiwiko, na migomba yote imeinama upande moja kama watu wanasali. Mvua kubwa ikija, udongo utashuka na nyumba.

Unajua sababu hataki kutoka? Maharagi. Amepanda palepale mulima ilibomoka zamani, pale udongo ulizika mbuzi za baba yako. Sisi wote tunafanya vile: mulima ikibomoka tunalia, kisha tunaona udongo iko laini, mweusi, haina magugu, tunaleta jembe. Mama Riziki alimwambia, "Mama, shuka, utakufa huku." Akajibu, "Ku kampi wananipa maharagi?" Mama Riziki akashuka peke yake.

Nakumbuka siku ulinipeleka kwake mara ya kwanza. Tulifika pale pa kovu ya mulima, pale ilibomoka, nikataka kukukamata mukono. Ukakataa. "Hapa muntu anapita mumoja mumoja," ukasema. "Tukikamatana tutaenda wawili, na nani atatulilia?" Nikakasirika, nilikuwa bibi-arusi wa viatu vya kuazima. Ukanitoa kamba ya kitunga ku paji la uso, ukasema nibebe mukononi, ili mulima ikisukuma niache muzigo kuliko shingo. Ukapita kwanza, ukaketi ngambo, ukaangalia juu tu, hata mimi hukuniangalia. Nikasema moyoni: huyu bwana hanipende. Baadaye njo nilielewa ulikuwa unanichungia mulima.

Mama yako akatuona tunafika na matope mpaka ku masikio, akacheka: "Huyu muke umemutoa wapi, ku shamba ya viazi?" Kisha akaniosha miguu, yeye mwenyewe, na sikuwa nimemuzalia hata mutoto mumoja. Siwezi kumuacha kule.

Kwa hiyo nimepanga. Njia ya bonde hapana, kuko barieri na wenye bunduki. Nitapita ku mugongo wa mulima, hata kama ni mbali. Watoto watabakia kwa Mama Riziki. Nitangoja jua liwake kidogo, udongo ukauke, na nitatoka asubuhi, sababu mvua yetu inapenda mangaribi. Ku kovu, dada yangu mudogo, atakayenisindikiza, atapita kwanza aketi ngambo na firimbi, macho juu. Akiona hata jiwe moja linatembea, atapiga, na mimi nitatupa yote nikimbie kando, hapana chini.

Kupanda nitapanda. Kumushusha njo sioni njia. Mimi ni muke wa mutoto wake tu. Atanipikia muhogo, ataniambia nirudi kwa watoto. Anasikia wewe. Na wewe, tangu uende Walikale kuchimba madini, mashimo yamekumeza ungali muzima. Sikuombe urudi. Ile ombi niliimaliza. Nafikiri mvua itafika mbele ya jibu yako, ao jibu haitafika kabisa.

Neema anakusalimia. Ameacha kuuliza utakuja siku gani. Mungu akuchunge mule mashimoni.

Mwenye pikipiki anayekuletea barua hii, mupatie vitu hivi anirudishie. Kamba ya nailoni, ndefu ya kufika ngambo ya kovu. Bote, viatu virefu vya matope, namba 38, zangu zimepasuka. Sauti yako, uiingize ku karte ya simu, ile kadi ndogo, umwambie mama aache maharagi na ashuke. Hapana maneno mingi, anajua ukiongea mingi unadanganya. Na kitenge kimoja, kizima, hapana nusu. Akishuka, atakivaa. Asiposhuka, nipate cha kumufunika.

Ni mimi,
mama ya watoto wako