Jiwe la Kaburi la Baba Limeonekana Bukini

Mahajanga, Bukini (Madagaska)

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Natumai mu wazima hapo Likawage na goti lako limetulia. Mimi mzima kupita kiasi. Juzi mamba alinitazama mtoni, akaona heri arudi majini. Simu yako haishiki mtandao, ndiyo maana barua hii nimempa mtu anayekuja Nangurukuru.

Dada, nimechanganyikiwa. Kazi yangu huku ni kuwachimbia wataalamu wa miamba, na bila mimi wasingepata kitu. Wiki hii nimechimbua jiwe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume, lina mbavumbavu. Nikalifuta udongo, nikalitambua. Ni lile lile nililolitoa kwenye mihogo ya baba, nikaliweka kichwani mwa kaburi la baba, nikawaambia wote waliokuja kuzika kwamba halina pacha duniani. Hata pengo la ubavuni linalo.

Nikalikalia. Mama anayesimamia kazi, aliyesomea Dar na kujua Kiswahili, akaja.

"Mfaume, inuka."

"Siinuki. Hili mmeliiba kaburini kwa baba yangu."

"Baba yako kazikwa wapi?" akauliza huku akicheka.

"Likawage, Kilwa."

Akaacha kucheka, akachuchumaa. "Huyu alikuwa mnyama wa baharini, akafa akageuka jiwe. Aina yake haikudumu, ikatoweka kila mahali kwa wakati mmoja. Kama na kwenu yumo, basi mwamba wenu na huu wetu ni rika moja, kama walioingia jando pamoja."

Nikamuuliza, bahari ilifikaje Likawage, nasi samaki tunawangoja waje kwa pikipiki? Akasema ilikuwapo kabla ya mtu yeyote. Sasa baba alikuwa akilima mihogo juu ya bahari? Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma, na kichwa changu mnakijua.

Tumekubaliana hivi: wewe nenda kaburini. Lile likiwapo, nawarudishia lao na kuomba radhi mbele ya wachimbaji wote. Lisipokuwapo, narudi nalo nyumbani. Kwa sasa nalilalia.

Msalimie shemeji, mwambie ile habari ya chatu niliyomsimulia ni kweli tupu. Msalimie mwalimu wa madrasa aliyemsomea baba talakini pale kaburini, na shangazi wa Kipatimu.

Ukifika, msalimie baba kwanza, ndipo utazame kichwani. Likiwapo, niliwadanganya watu msibani. Lisipokuwapo, baba kaibiwa. Nimeshika tasbihi tangu alfajiri, na sijui niombe lipi.

Ni mimi mdogo wako, mjomba wa wanao,
Mfaume