Duvi wa Kang'ethe

Makongeni, Thika
9 Machi 1957

Dada yangu mpendwa Idah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Na watoto je, na yule ng'ombe mwekundu asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe? Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na kifua hakinisumbui tena tangu nilipoacha kuvuta harufu ya spiriti kutwa nzima. Utaona hapo juu kwamba anwani imebadilika. Siku hizi nakaa na Absalom, yule kijana wa kwetu Kimilili anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kutia nanasi mikebeni, naye amenitafutia kibarua huko huko. Chumba ni kimoja, sisi ni watatu, na mmoja wetu anakoroma. Sitamtaja jina, ila si mimi.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unasema Bwana Chupa amemwandikia pasta wetu kwamba nimemvunjia heshima, na kwamba nikirudi Ruiru nikamwomba msamaha mbele ya wafanyakazi wenzangu, atanirudishia kazi na nyumba. Umenikumbusha kwamba ni wewe uliyenilea mama alipofariki, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yote ni kweli. Guu langu limeshavunjika, dada, na ninatembea nalo hivyo hivyo. Lakini kwa Bwana Chupa sirudi, na msamaha anaoutaka hataupata kwangu. Tafadhali keti, umwambie shemeji akusomee polepole, maana nataka ukijue kisa chote, si ile nusu aliyokuletea pasta.

Kwanza kazi yenyewe. Najua nyumbani mnasema Barasa anahesabu kaa wa mzungu, na vijana wanacheka. Waache wacheke. Bwana Chupa, ambaye sisi tulimpa jina hilo kwa sababu unayoweza kuikisia, ana shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, lakini roho yake iko baharini. Kila mwaka huenda pwani na kurudi na mikebe iliyojaa duvi, akawahifadhi katika chupa za spiriti. Duvi ni kaa mdogo ambaye Mungu alimpa silaha mbele akamsahau nyuma. Magando yake ni magumu, lakini tumbo ni laini, halina ganda hata kidogo. Kwa hiyo hutafuta kombe la konokono wa bahari aliyekufa, akaingia kinyumenyume, akalibeba kila aendako. Akikua humbidi atafute kombe kubwa zaidi. Wewe ungemwona ungemhurumia kwanza, kisha ungemfagia nje.

Nilipoandikwa mwaka wa hamsini na tatu kuosha chupa, nilidhani duvi ni duvi. Aliyenitoa ujinga ni Kang'ethe, Mkikuyu wa hapo Gatongora, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekuwa karani wa ghala kabla Bwana hajamhamishia kwenye meza ya duvi. Siku ya kwanza niliruhusiwa kusaidia, niliwapanga kwa makombe yao: waliokaa kwenye makombe marefu huku, wa makombe ya mviringo kule. Nilijiona mjuzi sana. Kang'ethe akaja, akatazama, akaniuliza kama sisi kwetu tukitaka kujua ukoo wa mtu huwa tunakagua nyumba aliyopanga. Kisha akawatoa wote katika makombe yao, mmoja mmoja, akaanza kunifundisha.

Sikiliza kidogo, dada, maana hili ndilo nililolipenda. Kuna jamii ya duvi ambayo gando la kushoto ndilo kubwa, au yote mawili ni sawa. Kuna jamii nyingine ambayo kubwa ni la kulia. Hapo unadhani umemaliza, kumbe bado, kwa sababu duvi akikatika gando huota jingine, nalo likianza kuota huwa dogo, hata wa kushoto akakudanganya kuwa yeye ni wa kulia. Kang'ethe alisema usiamini mkono, tazama mdomo. Mdomoni kuna viguu viwili vya kushikia chakula: kwa jamii ya kushoto vimeota karibu karibu, kwa jamii ya kulia vimeachana. Hilo halibadiliki hata akikatwa nini. Na ndani ya kila jamii kuna aina baada ya aina. Kuna mwenye miguu ya manyoya kama kiwavi. Kuna mwenye pete nyekundu na za njano, bapa utadhani amekaliwa, kwa kuwa hukaa kwenye kombe lenye mlango mwembamba. Kuna anayepanda juu ya kombe lake wadudu wa baharini wenye umbo la maua, wanaowasha kuliko upupu, ili pweza asimsogelee, na akihama nyumba huwabandua akahama nao. Kwa kila aina Kang'ethe aliandika maelezo kwa penseli kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya chupa pamoja na duvi mwenyewe, kwa sababu spiriti hula wino lakini haiwezi penseli. Chini ya maelezo aliandika jina lake.

Kulikuwa na chupa moja ya duvi wadogo, wadogo kama punje za mtama. Bwana Chupa alikuwa ameandika kwamba ni watoto wa aina fulani kubwa yenye miguu ya buluu. Kang'ethe hakuridhika. Alimtoa mmoja, akamweka chini ya kioo cha kukuza, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniita. Upande wa kushoto wa tumbo palikuwa na mayai, yamejishika pamoja. Kang'ethe alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Aliniuliza huyu ni mtoto gani mwenye mimba. Walikuwa watu wazima, dada, aina yao wenyewe, na tulipopekua vitabu vyote vya Bwana hawakuwamo. Kang'ethe aliandika kwamba hawa si watoto, ni mama, akaeleza miguu yao na macho yao na midomo yao, akatia tarehe na jina. Bwana aliposoma alisema ni vizuri.

Miezi michache baadaye, mwaka wa hamsini na nne, malori ya serikali yalikuja shambani yakawachukua Wakikuyu kwa tuhuma za Mau Mau. Kang'ethe alichukuliwa nao, na hadi leo yuko kambini, kizuizini. Mimi nilibaki na meza.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Bwana Chupa alimaliza orodha ya duvi wake, akataka kuipeleka Uingereza kwa wataalamu pamoja na chupa sitini na tatu. Aliniita barazani akanipa chai katika kikombe cha nyumbani mwake, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu. Alisema nivitoe vikaratasi vyote vya Kang'ethe niandike vipya, maana hawezi kupeleka kwao jina la Mau Mau likiogelea ndani ya mali yake. Wale wadogo wangepewa jina la marehemu mama yake. Na mwisho wa orodha angeandika kwamba duvi hawa walipangwa na T. Barasa. Alidhani nitafurahi. Nami nilifurahi, sitakuficha, nilitembea na furaha ile siku nzima.

Kesho yake nilifungua chupa ya kwanza, nikakivuta kikaratasi kwa kibano. Mwandiko ulikuwa safi, kila herufi inasomeka. Nikakirudisha. Nikafungua ya pili, ya tatu, nikarudisha. Nilikwenda kumwambia Bwana kwamba kazi hiyo sitaifanya. Alinipa muda hadi Jumamosi, akaniuliza Mbukusu ana undugu gani na Mkikuyu. Nikamjibu kwamba ni undugu wa meza moja. Jumamosi nilizipakia chupa zote sandukuni na vikaratasi vyake ndani, na kwenye orodha nikakata jina langu kwa wino nikaandika la Kang'ethe. Bwana alipoona aliichana karatasi, akapiga kelele hata wachumaji wakasimama kwenye mibuni kutazama. Nilimwambia kwamba akitaka kuvitoa vikaratasi na avitoe kwa vidole vyake mwenyewe, vyote sitini na tatu, na akishamaliza hao wadogo bado watakuwa na mayai. Hiyo ndiyo heshima niliyoivunja. Kabla jua halijatua nilikuwa njiani kuja Thika, godoro kichwani.

Wewe umeuliza kwa nini nipoteze kazi kwa ajili ya mtu ambaye hata si jamaa yetu. Ningeweza kufunga barua hapa, nikabaki shujaa wako. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha miaka mitatu.

Siku ile ya malori, ofisa alimwambia Bwana Chupa kwamba anaweza kubakiza Mkikuyu mmoja, ikiwa kazi yake haiwezi kufanywa na mtu mwingine. Kang'ethe alikuwa ameshakalishwa uani na wenzake, mikono juu ya kichwa. Niliweza kumwona kutoka mezani. Bwana aliingia akaniuliza jambo moja tu: je, ninaweza kazi ya duvi bila Kang'ethe? Sikuweza, dada. Hata kile kioo sikujua kukitengeneza nione sawasawa. Ningesema hapana, Kang'ethe angeinuka pale chini akarudi kazini. Nilisema ndiyo, Bwana, naweza. Hakuna aliyenitisha, wala Kang'ethe hakuwa amenikosea lolote. Nilikitaka kiti chake, basi. Naye alisikia, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, na aliinua macho akanitazama.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi kwa daftari lake alilolisahau kwenye droo. Kila nilichokijua kilikuwa chake. Na ile barua yangu ya Krismasi, niliyowaambia kwamba mimi Barasa nimegundua duvi ambaye wazungu hawakumjua, ile ambayo pasta aliisoma kanisani watu wakapiga makofi nawe ukalia kwa furaha, ilikuwa uongo mtupu. Sikuyaona mayai yale mpaka nilipoonyeshwa. Najua nakuaibisha. Nimefikiri sana kuhusu aibu yako, na bado nimeandika.

Unaniambia niombe msamaha. Nimeomba, ila si kwa Bwana Chupa. Wiki tatu zilizopita nilikwenda Gatongora, kwenye kijiji walichowekwa Wakikuyu, kile chenye handaki pande zote na lango moja, nikangoja nje hadi saa ya wanawake kutoka kwenda mashambani. Niliuliza kwa watu mpaka nikaonyeshwa Wamboi, mama yake Kang'ethe. Kiswahili chake ni kidogo na Kikuyu changu ni kidogo zaidi, lakini nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Hakunitukana. Aliniomba nirudie pale Bwana aliponiuliza, nikarudia. Akataka kujua kama ni swali hilo moja tu niliulizwa. Nikasema ndiyo, ni hilo moja. Akasema kwamba saa walizopewa za kulima ni chache na bega lake moja halifanyi kazi, akanikabidhi jembe. Tulilima hadi filimbi ikalia. Sikusamehewa, usije ukadhani nimesamehewa. Aliniambia tu kwamba Jumapili inayofuata nisichelewe, na sijachelewa hata mara moja. Kwa hiyo pasta akisikia kwamba siku hizi sionekani kanisani, jibu ndilo hilo.

Siku Kang'ethe akitoka nitakuwa pale shambani kwa mama yake. Akitaka kunipiga, atanipiga. Sitahama Thika kumkwepa, na sitarudi Ruiru kumpigia magoti mtu ambaye alijua vizuri kazi ile ni ya nani, akaniuliza mimi.

Nina ombi moja tu kwako. Mpelekee pasta barua hii. Mwambie asimame pale pale aliposimama siku ya Krismasi, aisome kwa sauti ile ile, asiruke neno. Wakipiga makofi au wakizomea, ni juu yao. Nataka tu walisikie jina la Kang'ethe mara nyingi kama walivyolisikia langu.

Msalimie shemeji, umwambie asante kwa kukusomea. Wasalimie watoto wote, na mama Awiti jirani, na mnikumbuke mnapokula viazi vipya. Usiwe na wasiwasi juu ya tumbo langu. Hapa mananasi yaliyopondeka hatuwezi kuyamaliza. Nijibu hata kama ni kwa hasira, hasira yako naijua tangu utotoni na sijawahi kuikimbia.

Ni mimi mdogo wako,
Tobias Barasa