Shukrani ya Haraka

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Watu wote wa Kolwezi, kuanzia mjini hadi bwawa la Nzilo, watangaziwe: leo asubuhi suruali yangu mpya ya kwaya imekubali kufungwa! Kifungo kimoja. Cha pili kiko kwenye mazungumzo. Na nimeishona mwenyewe — fundi mzima, nimepima kila mtu isipokuwa tumbo langu. Mke wangu Wivine amecheka mpaka akaketi. "Tata Gloire, uimbe bila kupumua!" Sawa. Hata nikipumua, besi yangu huwa inakwenda njia yake.

Mvua imeanza. Nimemwambia Gloire, mwanangu ambaye mimi naitwa kwa jina lake, aache shimo mpaka kiangazi. Yeye na Ezéchiel, mtoto wa jirani yetu Mama Godelieve, wanachimba kobalti pamoja, kwa zamu: mmoja chini, mwingine juu anavuta kamba. "Papa, njala haina saison, haina msimu." Ezéchiel akacheka ng'ambo ya ukuta. Vijana hawa!

Ijumaa, 8 Novemba

Shimo limeanguka.

Gloire yuko hai. Yuko nyumbani, matope mpaka kwenye nyusi. Ezéchiel amebaki chini.

Nimemwuliza mwanangu: umeponaje? "Sikushuka, papa." Basi. Nimempapasa kichwa, mabega, vidole, kama mtoto mchanga. Ng'ambo ya ukuta Mama Godelieve analia — sijawahi kusikia sauti ile, na ni soprano wa kwaya yetu tangu zamani. Mimi nikapiga magoti. Asante! Asante! Kwa sauti kubwa. Nadhani ilifika mpaka kwake.

Jumamosi, 9 Novemba

Wanachimba kwa makoleo. Gloire naye yuko huko. Mimi nimeshona mchana kutwa: kwa kitenge kimoja cha buluu, gauni la Wivine na mashati mawili. Kesho tunatoa action de grâce, sadaka ya shukrani — familia nzima katika nguo moja, tunacheza mpaka mbele ya kanisa na unga na kuku.

Wivine hapendi. "Ngoja kwanza. Jirani iko analia." Nikamjibu kwamba shukrani haingoji, nikaweka na mstari wa Biblia juu. Mistari sikosi! Pasta Modeste amekubali, ila akaongeza taratibu, akiniita kwa jina langu: "Tata Stany, Mungu anaangalia moyo wa mwenye kuleta, mbele ya kuangalia kuku." Nikaitika Amina. Nilidhani anamsema mtu mwingine.

Jumapili, 10 Novemba

Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Gloire nilimvuta kutoka shimoni kwa amri ya baba. Hakutaka hata kuvaa shati. Tulicheza mpaka mbele, nikapewa mikrofoni — mimi wa kupewa mikrofoni! Nikasema: mwanangu alikataa kushuka, kwa sababu nyumbani kwetu tunaomba kila asubuhi. Mungu anajua nyumba zake! Makofi. Vigelegele. Nani aliniambia Gloire alikataa? Hakuna. Nilijaza mwenyewe, kama ninavyojaza sponji kwenye mabega ya koti.

Halafu kelele zikakatika. Mama Godelieve alikuwa amesimama nyuma, mlangoni, miguu ya matope. Alikuwa amekuja kuomba wanaume wa kuchimba. Amesikia yote!

Akatembea mpaka mbele. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika chini mbele ya mwanangu, vile wanawake wetu wanavyomtandikia mtu wa heshima apite. "Pita, mutoto yangu. Mungu asifiwe, we uko."

Gloire hakukanyaga. Alitazama kile kitenge, akakimbia nje. Nikabaki mbele ya watu na kuku mkononi.

Jumatatu, 11 Novemba

Gloire amerudi kuchukua koleo langu. Nikamkamata mkono. Akasema akiangalia mlango.

Ijumaa zamu ya kushuka ilikuwa yake. Alikuwa amekunywa lutuku, ile pombe kali, bado anayumba. Ezéchiel akamwona, akacheka: "We lala. Mi nashuka pa nafasi yako. Usiambie papa yako, atahubiri mpaka Noeli!" Akajifunga kamba, akashuka.

Hakukataa! Hakuomba! Alilala!

Gloire amekwenda tena shimoni. Nimekaa chini, juu ya vipande vya kile kitambaa cha buluu. Sikupata mstari wa Biblia hata mmoja.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Godelieve. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, kwa ajili ya wachimbaji, sufuria kubwa ya matanga. Kabla sijafungua mdomo: "Tata Gloire, hata sisi tulikuwa tunaomba. Asubuhi na mangaribi. Unionyeshe, tulikosea wapi?"

Mungu wangu. Hicho ndicho nilichompa kanisani! Mtoto yuko chini ya udongo, na mama anajitafutia kosa — kwa sababu yangu.

Nikamwambia. Lutuku, zamu, yote. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Alisema 'lala'?"

Alisema.

"Iko anacheka?"

Alikuwa anacheka, Mama Ezéchiel.

Akataka nirudie. Nikarudia. Akataka tena. Bukari ikaanza kuungua, hakuna aliyeigusa. Halafu akasema: "Kesho kuna maombi. Simama pale pale uliposimama. Sema vile umenisemea miye."

Nikasema ndiyo. Baadaye tu, nikiwa mlangoni petu, nikamkumbuka Gloire. Kanisa lote litamjua! Litamjua na baba yake pia.

Jumatano, 13 Novemba, asubuhi

Sikula. Wivine anasema nikianza kukohoa-kohoa kule mbele ili nikwepe atanivuta shati.

Nitasema hivi. Mwanangu alikuwa amelewa. Mtoto wa Mama Godelieve alishuka mahali pake, akicheka. Nyumba yetu haikuomba zaidi kuliko nyumba yao. Mimi sikuuliza, nikasema uongo, mkapiga makofi. Mengine sijui.

Gloire hajui bado kwamba nitasema. Yuko shimoni. Ezéchiel pia.