Suruali Mbili Juu ya Kichaka

Baba Dogo, Nairobi
19 Februari 1996

Kwa dada yangu mpendwa Mbinya,

Pokea salamu za ndugu yako mdogo, ambaye mwaka huu anatimiza miaka sitini na saba na bado unamwita mtoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mvua ya huko Kitui haijawapita. Mimi sijambo, ila nina mafua, na chanzo cha mafua hayo ndicho kilichonikalisha chini kuandika. Binti yangu Ndanu anakusalimu. Anauliza kama kweli utafika tarehe tisa Machi, siku ambayo wazazi wa Sylvance watatoka mtaa wa Tassia kuja kumposa. Nimemjibu kwamba bila shangazi hakuna posa.

Najua unavyoilinda desturi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba wakwe hawaonani kabla ya siku yao, hawali chombo kimoja, hawataniani maisha yao yote. Na mmoja akimwona mwenzake bila nguo, posa husimama mpaka wewe uliye mkubwa uamue. Nimekaa mbali na nyumbani miaka arobaini na minane, nimesahau hata majina ya vijito tulivyochota maji, lakini hilo sijalisahau. Ndiyo maana tangu Krismasi sijakanyaga Tassia. Hata Mativo, yule mchonga vinyago, alipofiwa huko, rambirambi niliituma kwa mkono wa mtu.

Basi, Jumamosi iliyopita kanisa letu lilikwenda kutazama maporomoko ya maji katika hifadhi moja ya msitu kule Nyandarua. Yalikodiwa mabasi mawili, moja letu na la pili la makanisa mengine ya huku Eastlands. Langoni tulipokewa na askari wa wanyamapori, kijana mpole, akatueleza kwamba njia ni ya saa moja kwa miguu, tufuate mawe yaliyopakwa rangi nyeupe na tusitoke njiani kwa sababu ya nyati. Mama mmoja akamwuliza kama nyati nao wamearifiwa kuhusu hayo mawe.

Vijana waliondoka kama walioitwa kula. Robo saa haikupita, nikajikuta nyuma pamoja na mzee mmoja wa basi la pili, mrefu, mwenye kofia ya sufu na fimbo. Unajua wazee hatuulizani majina ovyo. Alikuwa Mzee na mimi nilikuwa Mzee, ikatosha. Kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa ziwani. Naye alinijua upesi, kwa maana tulipoyaona maporomoko, maji meupe yakishuka kutoka juu kuliko ghorofa zote za Nairobi, nilivua kofia, naye akasema Mkamba akiona maji mengi hivyo huanza kumtafuta mwenye maji aombe ruhusa. Nikamjibu kwamba Mjaluo naye angeyauliza yamesoma chuo gani. Alicheka mpaka akashika mti.

Dada, ni lini mara ya mwisho mtu wa rika langu alinitania? Tangu nistaafu kazi ya reli, watu wa hapa hunisalimia kwa heshima kisha hupita.

Chini ya maporomoko kuna gogo la kuvukia. Nilikanyaga, likateleza, mzee akanidaka kwa koti, na wote wawili tukaingia majini mpaka kifuani. Baridi yake sitaisimulia. Tulipotoka, akaamuru tuvue suruali tuzianike kwenye kichaka, kwani, alisema, mtu hawezi kukabidhi roho yake kwa Mungu kwa ajili ya aibu ya kaptula ya ndani. Yake ilikuwa na viraka viwili matakoni, kila kimoja cha rangi yake. Yangu ni ile ambayo marehemu mke wangu Mbeti aliishona kwa kitambaa cha pazia, yenye maua. Aliitazama sana, akauliza kama na dirisha nimelibeba.

Tukakaa juani tukafungua vyakula. Mimi nilikuwa na muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, yeye ana chapati na chai ya chupa. Kijiko kilikuwa kimoja. Tukala bakuli moja, kikombe kimoja, huku akinieleza mashaka yake: kijana wake anataka kuoa Mkamba, na majirani wanamtisha kwamba kwa Wakamba usinywe chai hujui kilichotiwa. Nikamwonyesha kikombe alichokuwa amekipokea mkononi mwangu sasa hivi. Akakitazama, akanywa. Nikamwuliza msichana anaitwa nani.

Sasa nafika mahali pagumu, dada. Alisema anaitwa Ndanu, na mwanawe ni Sylvance.

Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kuinuka, kujifunika uso na kupita vichakani, nyati wawepo au wasiwepo. Sikuinuka. Niliongeza muthokoi. Aliponiuliza kama namjua baba wa msichana, nikasema nimemsikia, ni mtu mgumu kidogo lakini ana moyo mzuri. Akaniomba ushauri wa kumpata. Nikamshauri asitoe hotuba ndefu na asimbishie mambo ya historia. Ndiyo, nilimfundisha mkwe wangu jinsi ya kunishinda, nikiwa sina suruali. Na nilifanya hivyo kwa sababu nilijua kwamba nikisema neno moja, sitacheka naye tena mpaka nife.

Suruali zilipokauka tulivaa tukashuka tumeshikana mikono. Mabasini mkewe, Mama Clare, alikuwa akimwita Zedekiah kwa sauti ya kuamsha msitu. Kabla ya kuniachia mkono akaniinamia sikioni. Akasema picha ya Ndanu iko ukutani kwake, na uso ule ule alikuwa ameuona langoni asubuhi, umeota mvi. Akasema kuanzia tarehe tisa ataniheshimu na kutazama chini kama inavyotakiwa, kwa hiyo alitaka kwanza amalize kicheko chake chote. Kisha akapanda basi, hakugeuka.

Nimekueleza yote, maana ni wewe utakayeamua, na furaha ya Ndanu imo mkononi mwako. Ukisema faini ni mbuzi, nitatoa mbuzi. Ukisema blanketi, nitatoa na blanketi. Ila nakuomba, dada, utakapotutakasa, usitutakase kabisa. Tuachie hata siku moja kwa mwaka ya kutaniana.

Wasalimie wote wa boma, na wanaoniuliza waambie bado nawakumbuka. Mungu akulinde njiani uje salama.

Ni mimi, mtoto wako mwenye mvi,
Nzau