Mama wa Mlola Aliyekuja Kuitika

Lushoto,
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii itakukuta saa ngapi, wala kama itakukuta jikoni au ndio kwanza unatoka kwenye mikorosho. Goti linaendeleaje? Zuhura aliniambia bado unalichua mwenyewe na hospitali hutaki kusikia. Baba kikohozi kimemwacha? Na yule mbuzi mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, siku hizi nalala na soksi kama mwenyeji. Kilicholemewa ni moyo, ndiyo sababu nimechukua karatasi badala ya simu. Simu pia nimepiga, Mama. Kila nikipiga, Zuhura ananiambia uko shambani. Tangu harusi uko shambani.

Silaumu. Najua Masasi na Lushoto ni mbali, na nakumbuka ulichosema siku mizigo yangu inapakiwa, kwamba kuolewa mbali hivi ni kutupwa. Ila nisikilize kwanza habari za mkweo, kisha za kazini. Zuhura mdogo wangu, wewe unayesoma, hapa usicheke na usiruke neno.

Mama, Shabani ananipenda. Naandika neno hilo na mkono unatabasamu. Anaamka kabla yangu awashe jiko, kwa sababu anajua mtu wa Masasi akigusa maji ya huku alfajiri anapiga kelele. Tukishuka njia ya utelezi baada ya mvua ananishika mkono mbele za watu, na wazee wakimtazama anawaamkia shikamoo bila kuniachia. Kiti changu cha ofisini kilikuwa kibovu, kinanichania sketi. Nilitaja mara moja tu, wakati tunakula. Baada ya wiki akaja chuoni amebeba begani kiti cha msaiprasi alichokitengeneza kwa mkono wake, kinanukia mbao mbichi ofisi nzima. Deo, mwenzangu kazini, akasema, "Wengine tunaletewa chai, shemeji analetewa fenicha." Na kule Bungu, mama mkwe ananiita binti yangu na kunifundisha Kishambaa, nikikosea wanacheka mpaka wanakaa chini. Mtoto wako hajatupwa, Mama. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine.

Kazi yenyewe najua haikukuingia Zuhura alipokueleza. Ni hivi. Chuo kina mahali kwenye intaneti ambapo kila mwanafunzi na kila mwalimu anapewa ukurasa wake, anaandika anachotaka, na mtu yeyote popote alipo anaweza kuusoma. Wanaziita blogu. Zote zinakaa ndani ya mashine moja, seva, iliyo chumba cha ndani, na fundi wake ni Deo. Mimi nipo dawati la watumiaji, kule mwisho wa ofisi. Aliyesahau neno la siri anakuja kwangu. Kuna mwalimu mmoja husahau kila Jumatatu, ananong'ona, "Salma, yale mambo yetu," kama anakuja kununua dawa ya siri. Kazi nyingine ni kufuta matangazo ya kamari ambayo watu tusiowajua huyabandika chini ya maandishi ya wanafunzi. Ukiyafuta leo, kesho yameota tena.

Sasa seva yetu ni ya zamani na imejaa. Ikijaa kabisa, kurasa zote zinakwama. Bosi, mkuu wa kitengo chetu, akaamua kwamba kurasa ambazo wenyewe hawajaingia muda mrefu zifutwe ili wengine wapate nafasi. Ila kwanza kila mmoja atumiwe ujumbe kwenye simu. Akiingia kwenye ukurasa wake, anabaki. Akinyamaza mpaka mwisho wa mwezi, anaondolewa. Bosi aliandika: Akaunti yako haijatumika. Itafutwa.

Nikamwambia, "Bosi, hivi ndivyo mtu anavyoitwa?"

"Wewe ungemwitaje?"

Nikakaa kwenye kiti changu cha msaiprasi, nikaandika: Mpendwa, tumekukumbuka. Umenyamaza muda mrefu na tunajiuliza kama u mzima. Ukurasa wako uko pale pale ulipouacha. Tuitikie, hata kwa neno moja. Ni mimi, Salma wa blogu za chuo. Na baada ya neno mpendwa mashine yenyewe iliweka jina la kila mtu.

Bosi alisoma akavua miwani. "Hili ni tangazo la chuo au barua ya mapenzi?"

"Mwache, Bosi," akasema Deo. "Bado ana hina mikononi."

Maneno yale sikuyatafuta mbali, Mama. Ndiyo niliyokuwa nikitamani kuyakuta kwenye simu yangu.

Na watu waliitika. Mmoja anayeuza vipuri Mombo aliandika kwamba tangu amalize chuo hakuna aliyemwambia amemkumbuka. Wengine walirudi kuandika. Bosi akanisifu kwenye kikao, nami nikarudi nyumbani nikiimba, na Shabani akanibebea ndoo ya maji huku ananiita mheshimiwa.

Alhamisi iliyofuata, siku ya soko, akaja mama mmoja. Alikuwa amevaa sweta juu ya khanga, na mkononi ana kifurushi cha kitenge. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa, akauliza, "Salma ni yupi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimetoka Mlola. Wewe ndiye uliyemwita Mwanaidi?"

Nikafurahi. Nikadhani binti ana haya, amemtuma mama yake amfuatilie neno la siri. Nikamwambia huku nacheka, "Ndiyo, mama. Yeye yuko wapi, mbona hajaja mwenyewe?"

Aliweka kifurushi chini. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema, na akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. Kisha akanishika mikono yote miwili. "Mwanaidi ametutoka. Masika iliyopita. Aliugua siku chache tu. Tumemlaza pale nyumbani, juu ya shamba la viazi."

Akaendelea, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Simu yake ninayo mimi, naiwasha siku moja moja. Jirani akanisomea maneno yako. Nikasema, huyu anampenda mwanangu kiasi hiki na hakuna aliyemwambia. Anangoja. Habari ya msiba haitumwi kwa simu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Pole sana, mwanangu. Pole."

Mama, alikuwa amepanda gari kutoka Mlola kuja kunipa pole mimi. Nilimwangukia begani nikalia, naye akanipapasa mgongo akisema, "Lia, usijizuie, sisi tulishalia." Kila alivyonibembeleza ndivyo nilivyozidi, kwa sababu Mwanaidi sikuwahi kumwona. Jina lake liliwekwa na mashine.

Deo alikohoa. "Mama, kwa kweli ule ujumbe ni wa..." Nikamtazama. Akasema anakwenda kuangalia jenereta, na umeme ulikuwepo.

"Mlikuwa mnakaa chumba kimoja?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Mlisoma darasa moja?"

"Hapana. Mimi ni wa hapa, wa kurasa."

"Basi nifungulie huo ukurasa wake, unisomee. Mimi sijawahi kuusikia."

Nikamvutia kiti karibu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusoma, na nilikuwa nausoma kama mtu anayeujua. Mwanaidi aliandika vizuri, Mama, bila makeke. Aliandika juu ya baridi ya bweni, na juu ya rafiki yake aliyekaanga chapati zikawa ngumu wakazipigia meza kama ngoma. Aliandika juu ya mama yake anavyochagua viazi vya mbegu, anavyovigeuza mkononi na kuvisemesha. Nikafika mahali anaposema: Mama yangu akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya khanga, hata akiwa peke yake. Nikainua macho. Mama wa Mlola alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga, lakini hakuwa anacheka.

Chini ya maandishi hayo palikuwa na tangazo. Akaliona. "Na huyu anasema nini kwa mwanangu?"

"Anatangaza kamari, mama."

"Hapa?"

Nikalifuta mbele yake, na lililofuata, na lililofuata. Akatikisa kichwa. "Kumbe ulikuwa unampalilia," akasema. "Hongea sana." Ndivyo Washambaa wanavyoshukuru. Nilitamani sakafu inimeze, maana matangazo yale yalikuwa yameota pale miezi mingi na sikuwahi kuyagusa.

Nikamsindikiza stendi. Njiani alinunua chumvi na mafuta ya taa, akanipa kile kifurushi, kilikuwa na peasi, matunda ya huku. Akaniambia, "Nikifika Mlola nitawaambia, chuoni yupo mtu anayemkumbuka Mwanaidi. Baba yake atalala leo." Gari lilikuwa limeshawashwa. Kama angesema jambo jingine lolote ningenyamaza. Lakini niliona nikimwacha aende na maneno hayo, atayapeleka kwa mzee wa watu, na watu watakuja kuniuliza habari za Mwanaidi, nami nitaendelea kuongeza uongo juu ya kaburi la mtu.

Nikasema, "Mama, nisamehe. Sikumfahamu. Maneno yale niliwaandikia wote walionyamaza. Jina lake liliwekwa na mashine."

Akauachia mkono wangu. Alitengeneza khanga yake begani, akatazama bonde, na ukungu ulikuwa unapanda. Kondakta alikuwa anaita, Mlola, Mlola, na yeye hakugeuka.

"Wote?" akauliza.

"Wote, mama."

"Basi humo wamo wengine wasiokuwepo."

"Huenda wamo."

"Wazazi wao wamekuja?"

"Umekuja wewe peke yako."

Nikamnyooshea kifurushi cha peasi. Akakisukuma nyuma kwa vidole. "Nilichokupa usinirudishie, hata ile pole. Ulishaipokea, sasa nawe umefiwa." Akapanda, akakaa, na gari likiwa linaondoka akafungua dirisha. "Salma, uliita watu kwa maneno ya namna ile halafu unakaa kule ndani kabisa. Kaa karibu na mlango."

Nilimwomba Bosi auache ukurasa wa Mwanaidi. Nilisema mwenye ukurasa ameitika, ameitika kwa miguu ya mama yake. Bosi si mtu mbaya. Akasema, "Salma, huyu nikimwacha kwa kuwa mama yake amekuja, na yule ambaye mama yake hana nauli nimfanyeje? Seva imejaa. Wote au hakuna." Deo alinichapishia ukurasa wote kwenye karatasi, Shabani akaazima pikipiki akazipeleka Mlola. Alimkuta mama yuko shambani, shambani kweli. Alinawa mikono kwanza ndipo akazipokea. Kisha akauliza jambo moja tu, kama yupo mwingine aliyekuja.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tukafuta. Nyingine Deo aliziondoa kwa mkupuo. Wa Mwanaidi nilimwomba aniachie. Kabla ya kufuta, mashine inauliza, Una uhakika? Chini yake pana ndiyo na hapana. Nilisoma tena pale mama anapofunika mdomo, nikabonyeza ndiyo. Palipokuwa na jina lake pakatokea sentensi moja ikisema ukurasa huu haupo.

Jioni Shabani alikuja kunichukua, akanikuta nasukuma kiti. Hakuuliza kwa nini. Alikibeba akakiweka pale nilipomwonyesha, karibu na mlango, akapima miguu yake kwa kiganja na kuweka kipande cha mbao chini ya mmoja kisitikisike. Baridi inaingia moja kwa moja, lakini anayepita nje namwona.

Basi, Mama, nisalimie Baba, umwambie mkwewe anamtengenezea kiti cha kuegemea. Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie mke mwenza wake, yaani mimi, hajambo na ana wivu. Mjomba mbangua korosho mwambie aniwekee zangu. Zuhura namshukuru kwa kunikopesha sauti yake, na namwomba akimaliza kusoma asiikunje barua haraka. Shabani anasema shikamoo, ameisema kwa sauti hapa nilipo.

Najua bado una uchungu nami. Lakini nimeona jinsi inavyokuwa mtu anapoitwa na hayupo wa kuitika. Wewe upo. Nami nipo.

Niitikie, Mama. Hata kwa neno moja.

Ni mimi, mwanao,
Salma