Jina la ordinateur ya mama

Bénite mutoto wangu,

Biazi biko mu sufuria, ukule. Niko naenda ku uwanja wa ndege wa Rughenda kuuliza kama avion ya kutoka Beni itakuya leo, juu barabara ingali imefungwa na vita na mama yako amekwama kule.

Asubui nilikukaripia bure. Ulitosha jina la mama, HULDA, mu kompyuta yake ya Windows, ukaandika BENITE mu nafasi yake, donc ordinateur yangu ya Linux ikaikosa mu réseau, ule mutandao wa nyumba, na nyimbo za kwaya hazikupita toka kwake kuya kwangu. Mais, hapana nyimbo ndizo zilinikasirisha. Kila asubui nafungua ile liste ya ma-ordinateur zenye zinawaka, naona HULDA, naona sawa vile amerudia ku nyumba.

~~Rudisha jina lake.~~ Acha lako. Nitapanga Linux yangu itafute BENITE.

Ila kesho uwashe ile ya mama mbele nilamuke, nikute mu liste kuko mutu.

Baba