Mikono Niliyoificha Mfukoni

Binti yangu Riziki,

Ni wiki ya tatu sasa tangu utoke hapa Kibabi kwenda kufundisha Kibua, na hakuna neno lako. Wabebaji mizigo wanaotoka upande wa Walikale wanasema risasi zilisikika njiani, watu wakakimbilia msituni. Mama yako ameacha kuwauliza. Mimi huwangoja kila asubuhi barabarani.

Unakumbuka mwaka wako wa sita wa sekondari, nilipofundisha darasa lenu filozofia? Niliwaeleza habari za yule mzee wa Ugiriki ya kale aliyezunguka sokoni akiwauliza wakubwa maswali, akisema anachojua ni kwamba hajui. Wakamhukumu anywe sumu, eti haheshimu miungu ya mji. Wenzako waliandika daftarini. Wewe ukainua kidole: "Papa… hapana, Mwalimu. Na sisi, tunajua je kama kuna mwenye anasikiaka maombi yetu?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nikakuambia usitamke kamwe neno ambalo moyo wako haujalikubali.

Jioni ile nilipomaliza kubariki bugali na sombe ya majani ya muhogo, wote wakasema amina. Wewe ukasema, "Sijui."

"Mungu wangu, huyu mutoto!" mama yako akadakia. "Kama haujui, acha hiyo sombe, sisi njo tutakula!"

Tulicheka, hata wewe. Tangu siku hiyo "sijui" ikawa amina yako. Watu wa kanisani waliponiambia nimekuharibu, niliwajibu kwamba imani isiyoulizwa ni kama maharagwe yasiyochambuliwa: hujui yapi yanafaa kwa mbegu na yapi yameliwa na wadudu. Nilijiona mwenye hekima.

Kisha ikaja asubuhi ya safari. Kwetu mtoto hatoki kabla mzazi hajamwekea mikono kichwani na kumwombea. Mimi niliwekewa, na babu yako vilevile. Ulijitwika mfuko wako, ukasema polepole, "Papa, usiniombee. Uniambie tu safari njema."

Nikaitia mikono mifukoni mwa koti. Nikasema safari njema.

Sasa naogopa, Riziki. Naogopa ile njia, na wenye bunduki. Naogopa pia kwamba nilikuacha uende bila baraka ili nisije nikavunja somo langu mwenyewe. Akili inaniambia Mungu hangoji mikono ya mzee ndipo amlinde mtu. Mikono haisikii hayo. Napanda maharagwe, mbegu zinaanguka nje ya shimo.

Leo nimeiweka mikono hiyo juu ya kitambaa chako cha kichwa, kile ulichokiacha kwenye msumari, nikakuombea bila ruhusa yako. Nisamehe. Urudi unikemee, tubishane mpaka sombe ipoe.

Ukimpata mtu anayekuja huku, mpe neno moja tu. Hata "sijui". Nitalipokea kama amina.

Papa yako,
ambaye naye hajui